Neno "Kutwa"

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu wetu aliponiomba nizungumze leo alinipa uhuru wa kuchagua jambo nilitakalo, mradi lisiwe siasa na lisizidi nusu saa. Mtumishi wa Serikali kama mimi, ambaye kazi yake ni madokezo na nyaraka, hana mengi ya kuwafurahisha watu siku ya Jumamosi. Nimeamua basi kuzungumza juu ya neno moja tu. Mnalijua nyote. Limo katika kibao kilicho langoni, mlipopita asubuhi: shule ya kutwa na bweni. Neno lenyewe ni hilo, "kutwa".

Nililikuta mara ya kwanza katika karatasi mwaka 1995, nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi mbili za kutia alama, Bweni na Kutwa. Baba aliisoma fomu ile polepole, akaisoma tena, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akatia alama kwenye Kutwa. Hakunieleza sababu wala mimi sikuuliza. Tulikuwa watoto sita nyumbani na mshahara ulikuwa mmoja.

Tangu siku hiyo nikawa "wa kutwa". Wenzangu wa wakati ule mnakumbuka jina letu la utani. Watu wa bweni walituita kunguru, kwa kuwa tulitua hapa asubuhi na jioni tukaruka kwenda zetu. Nyumbani kwetu palikuwa kilometa 7 kutoka hapa, na sehemu kubwa ya njia ilipita katikati ya mashamba ya mkonge. Niliondoka kabla jua halijachomoza na nilirudi likichwa. Kwa miaka minne nyumba yetu niliiona mchana siku za Jumamosi na Jumapili tu, na za likizo.

Sasa neno hili maana yake nini, na limetoka wapi? Si neno la shule hata kidogo. Ni neno la jua.

Nilijua hivyo kwa ajili ya bibi yangu, mama yake mama, ambaye aliishi nasi. Bibi alizaliwa Mombasa akaolewa huku kwetu Tanga, na mpaka anazeeka hakubadili lafudhi yake. Macho aliyaita "mato" na kichwa alikiita "kitwa". Alipotaka tucheke alisema "tekani", na mzigo hakuchukua, "alitukua". Sisi wajukuu tulimcheka sana, tukidhani bibi amekosa meno ya mbele ndiyo maana hawezi kutamka "ch". Jioni jua likizama nyuma ya mikonge alisema, "Kumekutwa, ingieni ndani." Mimi nikajibu kwa kiburi cha mtoto wa sekondari, "Bibi, sema kumekuchwa."

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimekaa katika darasa la chuo kikuu. Sikuwa mwanafunzi wa lugha. Nilikuwa nasomea mambo ya utawala, lakini niliruhusiwa kuhudhuria somo moja juu ya lahaja za Kiswahili. Mwalimu akachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika maneno ya Kiunguja: cheka, chukua, macho, kichwa, nchi. Upande wa pili akaandika ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa: teka, tukua, mato, kitwa, nti. Akasema hili halina kosa ndani yake, ni kanuni. Katika maneno mengi ya namna hii, penye "ch" ya Kiunguja, Kimvita kina "t". Nikakumbuka meno ya bibi nikaona aibu mahali nilipokaa. Kisha nikaandika katika daftari langu jozi moja ambayo mwalimu hakuiandika: kuchwa, kutwa.

Basi asili ya neno ndiyo hiyo. Kutwa ni kuchwa. Ni kitendo cha jua kuzama. Tunasema jua limekuchwa, au kumekuchwa, na wakati huo tunauita machweo. Kinyume chake ni kucha, yaani mwanga kuingia baada ya usiku. Kumekucha, na wakati wake ni macheo. Maneno haya mawili, macheo na machweo, yametengwa na herufi moja tu, na kwa hiyo husikika mara kwa mara watu wakisema "machweo" ya asubuhi. Lakini kwa asili hayana udugu. Ushahidi uko Mombasa vilevile. Bibi yangu kuchwa alikuita kutwa, lakini kucha hakukuita "kuta"; alisema kucha kama sisi. Maana yake ni kwamba "ch" ya kuchwa na "ch" ya kucha hazina asili moja. Ile ya kucha ilikuwa "k". Ndugu zetu Waganda wanayo mpaka leo: kukicha husema "bukedde", na liko gazeti la Kiganda lenye jina hilo hilo.

Pengine mtu atauliza mbona Kiswahili sanifu kimesimama juu ya Kiunguja, kama ilivyoamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na bado tunasema kutwa. Kwa kanuni tungepaswa kusema "shule ya kuchwa". Jibu ni kwamba neno linaloishi ndani ya fungu la maneno halibadiliki upesi. Kutwa lilikuwa limekwisha kuota mizizi katika usemi "mchana kutwa". Watu walipoketi kusanifisha lugha walikuta mti umekwisha kukomaa. Kwa hiyo leo tunayo yote mawili: kuchwa ni kitendo cha jua, na kutwa ni muda unaoishia hapo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 inayo maneno yote mawili.

Tazameni usemi wenyewe. "Mchana kutwa", yaani mchana mpaka jua kuchwa. "Usiku kucha", yaani usiku mpaka kukicha. Wazee wetu hawakupima mchana kwa urefu wake. Waliutaja mwisho wake. Mwenye kusema "nimelima mchana kutwa" hakusema amelima saa ngapi. Amesema kwamba hakuliacha jembe mpaka jua lilipomnyang'anya mwanga. Baadaye neno "mchana" likaachwa njiani, tukabaki na "kutwa" peke yake: nimekungoja kutwa, nimeshinda kutwa bila kula. Wengine huongeza "kutwa nzima", kana kwamba kuna kutwa nusu.

Usemi kama huu ulifaa sana katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa ikweta. Hapa Tanga, kama ilivyo Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ambayo jua huchwa mapema kuliko zote na siku ambayo huchelewa kuliko zote haifiki saa moja nzima katika mwaka. Ndiyo sababu hata saa zetu huhesabiwa kwa jua: saa 1 ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha, na saa 12 za jioni ndipo jua linapofikia kuchwa. Mtu wa London angeshindwa na hesabu hiyo. Kwake jua la mwezi wa Desemba huzama karibu saa 10 alasiri, na la mwezi wa Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Kibarua wa kutwa huko angefanya kazi nusu mara mbili kwa ujira ule ule! Hapa kwetu, ukimwambia mtu "kutwa", unampa kipimo cha kweli. Siku ya leo na ya kesho ni sawa.

Ndugu zangu, kama mambo yangekoma hapo ningemaliza, tukaenda kula. Lakini neno halikai palepale. Watu huliazima wakalitumia kwa kazi nyingine, na wakati mwingine anayelisema ana maana moja kichwani na anayelisikia ana nyingine. Nitatoa mifano mitatu. Miwili imenigusa mimi mwenyewe kwa namna ambayo sijaisahau, na wa tatu unatugusa sote tuliopo hapa.

Mfano wa kwanza ni wa dawa. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, bibi aliugua kifua. Alipelekwa kwenye zahanati akapewa vidonge vya rangi mbili, na mtoa dawa akamwambia, kama wanavyosema wote, "Kimoja, kutwa mara tatu." Zamu ya kumwangalia ilikuwa yangu nikirudi shule. Siku ya kwanza sikushuku kitu. Siku ya tatu usiku homa ilipanda, akawa anatweta na kuweweseka, nikamwambia, "Bibi, bado kidonge cha tatu. Umeze upate usingizi." Akanijibu amekwisha kumeza vyote vitatu. Cha kwanza alimeza alipokunywa chai, cha pili adhuhuri, na cha tatu alasiri kabla jua halijachwa. Nikamwambia kidonge cha mwisho ni cha usiku. Alinitazama kwa hasira, mgonjwa kama alivyokuwa, akasema, "Kutwa ni kutwa, mjukuu wangu. Usiku una jina lake."

Fanyeni hesabu. Kutoka saa 10 alasiri mpaka saa 1 asubuhi ni saa 15. Dawa ile ilitakiwa imezwe kila baada ya saa 8, ili nguvu yake isipungue mwilini. Bibi alikuwa akiipa maradhi nafasi ya saa 15 kila usiku, kisha akiyapiga mara tatu mfululizo mchana. Asubuhi yake sikuja shule. Nilikwenda zahanati nikamkuta muuguzi mmoja mtu mzima, nikamweleza. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, akachukua kipande cha karatasi akaandika: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Bibi alipona, ingawa ilichukua muda, na aliishi miaka mingine tisa. Lakini nimejiuliza mara nyingi ni wangapi hawakuwa na mjukuu wa kuwauliza.

Nani alikosea? Mtoa dawa hakukosea. Katika lugha ya hospitali kutwa ni siku nzima ya saa 24, mchana na usiku wake. Bibi naye hakukosea. Katika lugha aliyozaliwa nayo, na ambayo ni kongwe kuliko hospitali, kutwa huisha jua linapokwisha. Neno lilikuwa moja na wote wawili walikuwa wenyeji wake. Jambo hili halijapitwa na wakati. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 malaria isiyo kali imetibiwa nchini kwa dawa mseto ya ALu. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, yaani 4 kwa mara moja, kutwa mara mbili. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na siku ya pili na ya tatu ni kila saa 12. Mwenye kuyasikia maneno "kutwa mara mbili" kwa sikio la bibi yangu atameza asubuhi na alasiri, halafu aiache damu yake bila dawa usiku kucha. Nafurahi kusema kwamba watoa dawa wengi siku hizi hutaja saa. Lakini bado nimewasikia wengine wakisema neno lile peke yake na kumpa mgonjwa kibahasha chake, anayefuata apite.

Mfano wa pili ni wa ofisini, na mkosaji ni mimi. Nilikuwa afisa kijana, mwaka wangu wa tatu kazini. Alikuja mzee mmoja kutoka mbali kufuatilia mafao ya marehemu mwanawe. Jalada lake lilikuwa halijatoka masjala. Nikamwambia, kwa haraka ya mtu mwenye watu kumi mlangoni, "Mzee, njoo kesho kutwa, utanikuta." Nilikuwa na maana ya siku inayofuata kesho, ambayo tukiandika huwa ni neno moja: keshokutwa. Lenyewe pia ni neno la jua. Kesho ikishapita, jua lake likachwa, ndipo inapoingia siku hiyo. Lakini katika kusema hakuna herufi za kuunganisha. Kuna pumzi tu. Mzee alisikia maneno mawili: njoo kesho, kutwa utanikuta. Yaani kesho nitakuwapo tangu asubuhi mpaka jua kuchwa.

Kesho yake mimi nilikuwa safarini kikazi. Mzee alifika kabla ofisi haijafunguliwa. Akakaa kwenye benchi la nje. Tarishi alimwambia sipo, akajibu kwamba nimemwambia kutwa, na kutwa haijaisha. Alikaa hapo mpaka mlinzi alipokuja kufunga lango. Haya yote nilihadithiwa na mlinzi niliporudi. Siku niliyokuwa nimeikusudia, mzee hakuja. Nauli yake ya siku mbili ilikuwa imekwisha, pamoja na imani yake kwetu. Ilibidi tumfuate kwa barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji, na mambo yake yalitengenea mwezi uliofuata.

Angeweza kusema nimemdanganya, lakini hakusema. Alipokuja mara ya pili alinisalimu vizuri, nikamwamkia, akaketi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, nilidhani wewe ni mtu wa pwani kama mimi." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nilikuwa mtu wa pwani. Nilikuwa na bibi aliyenifundisha neno hilo kwa ugonjwa wake, na nikalisahau mara tu nilipopata meza na kiti. Tangu siku hiyo simwambii mwananchi "kesho" wala "keshokutwa". Namtajia siku na tarehe, na ikiwezekana namwandikia. Vijana waliopita chini yangu wananijua kwa jambo hilo, na najua wananiteta.

Mfano wa tatu ni kibao chetu cha langoni. Mtu anayesoma "shule ya kutwa na bweni" hufikiri neno la kwanza laeleza mahali mwanafunzi anapolala. Wa bweni hulala shuleni. Wa kutwa hulala kwao. Lakini neno lenyewe halisemi hivyo. Neno lasema mwanafunzi huyu yuko hapa mpaka jua linapochwa. Yuko hapa mchana. Na mchana una saa zake za njaa.

Wenzangu mliokuwa bweni mnaikumbuka kengele ya saa 8. Mlipanga mstari na sahani zenu kwenda bwaloni, ugali na maharage, siku ya Jumapili wali. Sisi kunguru tulikwenda chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara. Wengine walikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko. Wengine walikuwa na kitabu, wakakifungua wakajifanya wanasoma. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye kitabu. Somo la kwanza baada ya hapo lilikuwa hisabati. Natamka mbele ya mwalimu wangu wa hisabati, ambaye namwona ameketi pale, kwamba sikuwa mvivu, Mwalimu. Nilikuwa sioni ubao.

Kidato cha tatu mwanafunzi mmoja wa bweni aligundua mahali petu. Hakusema kitu. Kuanzia siku hiyo alikuja chini ya mwembe na sahani yake imefunikwa kwa daftari, akala nusu, akasema ameshiba, akaniachia nyingine nimrudishie sahani. Alifanya hivyo miaka miwili. Chakula chenyewe kilikuwa kidogo na yeye alikuwa mkubwa wa mwili kuliko mimi. Hakuna mtu anayeshiba kwa nusu sahani ile. Yumo ndani ya ukumbi huu. Hataki nimtaje na sitamtaja, ila nataka ajue kwamba hesabu ya sahani zile ninayo.

Ndugu Mwenyekiti, mambo mengi yamebadilika, na kwa wema. Zamani ada ya shule ya sekondari ya Serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Januari 2016 ada hizo zilifutwa mpaka kidato cha nne. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule nyingi za kata, na shule hizo kwa sehemu kubwa ni za kutwa. Maana yake ni kwamba yule kunguru wa zamani, aliyekuwa mgeni hapa, sasa ndiye mwanafunzi wa kawaida katika nchi yetu. Lakini chakula chake cha mchana kimebaki juu ya makubaliano ya wazazi na shule. Na palipo na mzazi asiyeweza kuchanga, pana mtoto chini ya mwembe.

Jana nilifika mapema nikapita nyuma ya maabara. Mwembe bado upo. Ilikuwa saa 8 na dakika kumi hivi. Niliwakuta vijana saba. Watano walikuwa wamefungua vitabu.

Kwa hiyo nina maombi mawili, kisha nitakaa. La kwanza ni kwa chama chetu. Katika ajenda ya leo mchana liko pendekezo la kujenga mnara wa kumbukumbu langoni. Sipingi mnara. Ila naomba kabla ya kuweka jiwe la kwanza tukubaliane juu ya mfuko wa chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa ambao wazazi wao wameshindwa kuchanga: uji saa 4 na ugali saa 8, siku tano za juma. Mwalimu Mkuu anayo orodha ya majina na atatusaidia isisomwe hadharani. Mimi nimekwisha kutoa mchango wangu wa mwaka wa kwanza kwa mweka hazina, na stakabadhi ninayo mfukoni.

Ombi la pili ni kwenu vijana. Miaka kumi ijayo baadhi yenu mtakuwa waganga, wauguzi, makarani, mahakimu, walimu. Mtasema maneno na watu watatenda kwa kuyafuata maneno yenu. Msidhani kwamba kwa kuwa sote twasema Kiswahili basi sote tumesikia kitu kimoja. Mtu mzee akilitumia neno kwa namna msiyoizoea, msimcheke wala msikimbilie kumsahihisha. Muulizeni kwanza. Huenda neno analolisema lina umri kuliko ofisi yenu.

Wazee husema hakuna marefu yasiyo na ncha, na nusu saa yangu imekwisha. Naambiwa chakula ki tayari. Namwomba Katibu, iwapo taratibu zinaruhusu, vijana wa kutwa waliokuja leo kutuimbia wawe wa kwanza kupakuliwa, kisha waruhusiwe kuondoka mapema. Wana safari ndefu, na wakikawia jua litawachwea njiani.